Kurudi, Kumrudi na Kurudisha: Uhakiki wa Mahubiri Yetu Juu ya Toba

Utangulizi

Karibu na kisiwa kikuu cha Mafia kuna kisiwa kidogo cha mchanga na miamba kiitwacho Shungimbili. Ni kidogo hata mtu aweza kukizunguka kwa miguu kwa muda mfupi. Bahari inayokizunguka imehesabiwa na serikali miongoni mwa maeneo tengefu ya bahari, na tangu mwaka 2016 kisiwani humo kuna makao ya kifahari ya wageni. Hakuna usharika pale, wala mimbari. Msomaji wa jarida la kitheolojia ana haki ya kuuliza kwa nini makala juu ya toba ianzie mahali pa namna hiyo.

Jibu ni kwamba katika bahari hiyo swali la toba laweza kuonekana kwa macho. Kwa miongo mingi pwani ya Tanzania ilisumbuliwa na uvuvi wa baruti. Tuseme basi kwamba mvuvi mmoja, aliyevua kwa baruti ujana wake wote, amesikia Neno la Mungu, amechomwa moyoni, na amekuja kwa mchungaji akiungama. Mchungaji anamtangazia ondoleo la dhambi. Hapo mvuvi anauliza: “Baba Mchungaji, na matumbawe je?” Mchungaji atajibu nini?

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba wengi wetu tulio katika huduma hatuna jibu lililo tayari, na kwamba kukosa jibu huko hakutokani na Maandiko wala na Maungamo yetu ya Kilutheri. Kunatokana na namna tulivyozoea kulihubiri neno hili. Tutaongozwa na maneno matatu yenye mzizi mmoja katika lugha yetu: kurudi, kumrudi mtu, na kurudisha.

1. Kurudi

Neno “toba” halikuletwa pwani na wamisionari. Waliofasiri Biblia kwa Kiswahili walilikuta likiwa kazini, nalo lina asili ya Kiarabu yenye maana ya kurudi. Katika jambo hili wafasiri walibahatika kuliko wenzao wengi, kwa kuwa nalo neno la Kiebrania walilotumia manabii, “shuv”, maana yake ni kurudi. Neno la Kiyunani la Agano Jipya, “metanoia”, lasisitiza zaidi kugeuka kwa nia. Msikilizaji wa Kiswahili anayeambiwa “tubu” anasikia basi sauti ya Hosea na Yeremia: mwana aliyepotea na aiache nchi ya mbali, arudi nyumbani.

Ulaya ya Magharibi haikuwa na bahati hiyo. Biblia ya Kilatini ilikuwa imeliweka agizo la Bwana Yesu katika maneno ambayo watu waliyaelewa kuwa “fanyeni kitubio”, yaani timizeni tendo la adhabu lililoamriwa na kasisi. Erasmus alipochapisha Agano Jipya la Kiyunani mwaka 1516, Martin Luther aliweza kuona kwa uwazi kwamba Bwana hakuamuru tendo, aliamuru kugeuka kwa mtu mzima. Katika barua yake kwa Johann von Staupitz ya mwaka 1518 alieleza jinsi neno lililokuwa chungu kwake kuliko yote lilivyogeuka kuwa tamu. Hoja ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517 ilikuwa imekwisha kutangaza matokeo yake: toba si tukio moja katika maisha ya mwamini, bali ni maisha yake yote.

Jambo hili tunalifundisha vyuoni, nalo hujibiwa vema katika mitihani. Lakini tukiyasikiliza mahubiri yetu ya Jumapili, tutakuta kwamba toba imerudishwa kuwa tukio. Tunaihubiri kwa wale ambao hawajaokoka, wakati wa mikutano ya Injili, kana kwamba ni mlango ambao mtu akiisha kuupita hauhitaji tena. Katekisimo Ndogo inafundisha kinyume chake: mtu wa kale ndani yetu anapaswa kuzamishwa kila siku, na mtu mpya kutokea kila siku. Wakazi wa pwani wangeielewa haraka picha hiyo. Mtu hakai na bahari kwa kuingia majini mara moja. Anaingia na kutoka kila siku, kwa maji kujaa na maji kupwa.

2. Kumrudi mtu

Neno letu la pili ni kumrudi mtu, yaani kumwonya na kumwadhibu ili aiache njia mbaya. Mzazi humrudi mtoto. Yatupasa kuuliza kama adhabu yaweza kuzaa toba, na kwa swali hili fasihi ya Kiswahili ina kitabu ambacho kila mwanafunzi wa theolojia angefaidika kukisoma: Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1952. Mwandishi wake alikuwa Mwislamu, nasi hatukusudii kumfanya kuwa Mkristo bila ridhaa yake. Tunakisoma kwa kuwa kinalishughulikia tatizo letu kwa uzito kuliko vijizuu vyetu vingi.

Habari yake kwa ufupi ni hii. Adili, mtu mwema na liwali wa Janibu, ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu. Amewatendea mema, nao kwa wivu wanamtosa baharini. Anaokolewa na Huria, jini ambaye Adili alikuwa amemwokoa hapo awali. Huria anawageuza wale ndugu wawili kuwa manyani, na kumwamuru Adili awapige mijeledi kila usiku. Adili anawapenda. Anawapiga kwa kuwa amelazimishwa, na moyo wake unaumia kwa kila pigo. Hatimaye siri inamfikia Mfalme Rai, na kwa maombezi yake ndugu hao wanafunguliwa, wanarudi kuwa watu, nao wanatubu.

Hadithi hii ina asili katika masimulizi ya Alfu Lela Ulela, katika habari ya Abdallah bin Fadhili na ndugu zake. Katika masimulizi hayo ya kale, ndugu waliosamehewa wanarudia uovu wao, wanamvamia tena yule aliyewasamehe, na mwisho wao ni kuuawa. Shaaban Robert aliukataa mwisho huo. Aliwaacha Hasidi na Mwivu wapone. Kwa mhakiki wa kitheolojia hili ndilo jambo kuu katika kitabu chote, kwa sababu ni ungamo la imani ya mwandishi kwamba mtu mbaya aweza kuwa mwema kweli kweli.

Nguvu ya kitabu iko katika mambo matatu. Kwanza, kinaonyesha kwamba mjeledi hauponyi. Usiku baada ya usiku mapigo yanashuka, lakini hayatuambii lolote juu ya mioyo ya hao wanaopigwa. Sheria yaweza kumfunga mtu mnyororo na kumwumiza, isiweze kumpa moyo mpya. Pili, kinaonyesha kwamba aliyekosewa naye amefungwa. Adili hana usiku wa raha maadamu ndugu zake wako kifungoni. Mchungaji aliyewahi kukaa kati ya mume na mke, au kati ya ndugu wawili wanaogombania shamba, anaujua ukweli huo. Tatu, kufunguliwa kunatoka nje. Manyani hawawezi kujifungua, na hata Adili hawezi kuwafungua. Yahitajika mwombezi mwenye cheo. Hapo kitabu kimefika karibu sana na Injili, ingawa hakikukusudia.

Lakini kitabu kina udhaifu pia, na udhaifu huo ndio unaotuhusu zaidi. Toba ya Hasidi na Mwivu inatangazwa zaidi ya inavyoonyeshwa. Tunaambiwa kwamba wamekuwa watu wapya, nasi tunafurahi. Mwandishi anayaeleza mateso yao kwa kirefu na kwa ustadi, lakini hatumwoni akikaa muda kama huo juu ya kazi ya siku zilizofuata: kukabiliana tena na uso wa ndugu waliyemtosa, kujenga upya imani iliyovunjika, kujibu swali la nini kitarudishwa kwa mtu aliyenyang’anywa utulivu wake. Msomaji anakifunga kitabu akiwa bado anawaita Hasidi na Mwivu. Mlutheri hapaswi kushangazwa na jambo hilo, kwa maana twakiri kwamba aliyehesabiwa haki angali mwenye dhambi, na kwamba jina lake la kale linamfuata hadi kaburini. Lakini ndiyo sababu angetaka kuona toba ikiendelea baada ya ukurasa wa mwisho.

Udhaifu huo si wa Shaaban Robert peke yake. Ndio udhaifu wa ushuhuda kama tunavyousikia makanisani mwetu. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliopata nguvu kutoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kufika Buhaya kabla ya mwisho wa miaka hiyo, uliwapa Wakristo wetu kipawa kikubwa: ujasiri wa kuitaja dhambi kwa jina mbele ya watu. Askofu Josiah Kibira, aliyekuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni kuanzia mwaka 1977 hadi 1984, alilelewa katika uamsho huo. Tena wazee wa uamsho hawakuishia kwenye maneno. Walijulikana kwa kurudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni waliyokana.

Kadiri miaka ilivyopita ushuhuda ulipata umbo la kudumu: nilivyokuwa, saa niliyookoka, nilivyo sasa. Umbo hilo si baya. Hatari yake ni kwamba sehemu ya kwanza hurefuka na kunoga kila mwaka, sehemu ya pili huwa tarehe ya kukariri, na sehemu ya tatu hubaki sentensi moja ya shukrani. Dhambi inayotajwa ni ya miaka 20 iliyopita. Ile ya juma hili haina nafasi katika umbo hilo, wala hana nafasi yule aliyeumizwa na dhambi ya zamani, ambaye pengine ameketi benchi la nyuma akisikiliza jinsi hasara yake inavyogeuzwa kuwa pambo la ushuhuda wa mwenzake.

3. Kurudisha

Tumefika kwenye neno la tatu, ambalo mahubiri yetu yamelisahau. Yako maelezo ya kihistoria ya usahaulifu huo. Kanisa la Enzi za Kati liligawa kitubio katika sehemu tatu: majuto, maungamo, na malipizi. Luther katika Makala za Schmalkald za mwaka 1537 aliukosoa vikali mgawanyo huo, kwa kuwa ulimwacha mtu bila hakika, asijue kama amejuta vya kutosha wala kama amelipa vya kutosha. Kabla yake, Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika Makala ya 12, lilikuwa limetaja sehemu mbili tu za toba: majuto, na imani inayoamini kwamba dhambi zimesamehewa kwa ajili ya Kristo. Baada ya hayo hufuata matendo mema kama matunda ya toba.

Mafundisho hayo ni kweli, nasi hatuna sababu ya kuyaondoa. Kosa ni letu, kwa kuwa tumechanganya mambo mawili. Kumlipa Mungu kwa ajili ya dhambi hakuwezekani, na kujaribu kufanya hivyo ni kumdharau Kristo. Kumrudishia jirani kilicho chake ni jambo jingine kabisa. Msamaha wa Mungu haunifanyi kuwa mmiliki halali wa mbuzi wa jirani niliyemwiba. Tulipotupa malipizi kwa Mungu, tulitupa pamoja nayo urejesho kwa jirani, kisha tukauita uzembe huo neema.

Habari ya Zakayo inatosha kutuhukumu (Lk. 19:1-10). Utaratibu wake ni wa kiinjili kabisa: Yesu anajialika nyumbani mwake kabla Zakayo hajatoa hata senti moja. Neema inatangulia. Lakini neema hiyo ikiisha kuingia, Zakayo anasimama na kutaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Ni baada ya kusikia hesabu hiyo ndipo Bwana anapotangaza wokovu kwa nyumba ile. Zakayo hakuununua wokovu. Wokovu ulipoingia ulifungua sanduku la fedha. Vivyo hivyo katika Mathayo 5:23-24, sadaka inaachwa madhabahuni na mwenye kuitoa anatumwa kwanza kwa ndugu yake.

Hapa tunapaswa kuwa wanyenyekevu mbele ya majirani zetu Waislamu, walio wengi katika Mafia na pwani yote. Wanazuoni wao hufundisha kwamba toba ina masharti yake: kuiacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Dhambi ikihusu haki ya mwanadamu, huongezwa sharti la nne: kuirudisha haki hiyo kwa mwenyewe, au kupata radhi yake. Tunatofautiana nao katika msingi wa msamaha, wala tofauti hiyo si ndogo. Lakini mhubiri anayefika pwani na kulitumia neno “toba” bila sharti hilo la nne ajue kwamba anawapa wasikilizaji wake neno pungufu kuliko lile walilokuwa nalo kabla hajafika. Wakimwona Mkristo aliyemdhulumu mtu akiimba kwa furaha kwamba amesamehewa, huku deni halijalipwa, hawatamwelewa. Tena watakuwa na haki.

Mataifa nayo yanalijua tatizo hili. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika Songea na kuomba msamaha kwa mambo ambayo Wajerumani waliyatenda wakati wa vita vya Majimaji. Tendo hilo lilikuwa la heshima. Lakini kati ya mambo yaliyoulizwa papo hapo ni fuvu la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, naye Rais aliahidi kwamba jitihada zitafanywa kulitafuta. Kuomba msamaha kulizaa swali la kurudisha, kama ipasavyo.

4. Kisichorudishika

Sasa turejee kwa mvuvi wetu na swali lake. Baruti ikilipuka majini hupasua vibofu vya hewa vya samaki. Wengi huzama, na mvuvi huokota sehemu tu ya aliowaua. Matumbawe huvunjika kuwa vifusi, navyo vifusi husukumwa na mawimbi huku na huku, kwa hiyo machipukizi mapya hayapati mahali imara pa kujishika. Matumbawe yenye umbo la jabali hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwaka. Jabali la tumbawe lenye kimo cha mtu mzima laweza kuwa na umri kuliko kazi ya Walutheri katika pwani hii, iliyoanza mwaka 1887. Mlipuko mmoja hulimaliza kwa nukta moja. Uharibifu wa namna hiyo ulikuwa miongoni mwa sababu za kuanzishwa kwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini.

Kwa hiyo mvuvi huyu hawezi kufanya kama Zakayo. Hana mara nne ya kutoa, na jirani aliyemdhulumu ni pamoja na watoto ambao hawajazaliwa. Ndivyo walivyo watubu wengi wanaokuja kwetu. Aliyeua hawezi kurudisha uhai. Aliyemharibia msichana ujana wake hawezi kuurudisha. Hapo mchungaji hujaribiwa na mambo mawili: kumwambia mtubu kwamba yote yamekwisha, asifikiri tena juu yake, au kumwacha chini ya mjeledi wa kila usiku kama wale manyani wa Janibu.

Njia ya Injili ni nyingine. Mbele za Mungu deni hilo limechukuliwa na Kristo, na nabii Mika asema kwamba Mungu huzitupa dhambi zetu katika vilindi vya bahari (Mik. 7:19). Mchungaji na alitangaze jambo hilo bila kigugumizi na bila “lakini”. Kisha, kwa kuwa mtu huyu yuko huru, hana tena haja ya kuficha wala kujitetea, naye aweza kuutazama uharibifu wake kwa macho makavu na kuuliza ni nini kinachowezekana. Aweza kuacha. Aweza kuwafundisha vijana kile alichojifunza kwa hasara. Aweza kuilinda sehemu iliyobaki. Hatayaona matumbawe yakisimama tena kimo cha mtu katika maisha yake. Atafanya kazi hiyo kila siku hata hivyo, wala si kwa ajili ya kusamehewa, maana amekwisha kusamehewa. Huko ndiko kutubu maisha yote, nayo hoja ya kwanza ya Luther inapata mwili pale majini.

Pia tusimhubirie yeye peke yake. Yohana Mbatizaji alipoulizwa na makutano, aliwapa watoza ushuru jibu lao, na askari jibu lao (Lk. 3:10-14). Baruti haiotwi na mvuvi kando ya mashua. Yuko aliyeitoa mahali ilipokusudiwa kupasulia miamba, yuko aliyeiuza, yuko aliyenunua samaki wa bei nafuu sokoni bila kuuliza, na yuko mwenye mamlaka aliyefumba macho. Baadhi yao huketi viti vya mbele katika sharika zetu za mjini. Mahubiri ya toba yanayomshukia kijana maskini wa kisiwani na kuwapita hao ni kumrudi mnyonge tu.

Hitimisho

Tumeyahakiki mahubiri yetu kwa maneno matatu. Kurudi bila kurudisha hakumfai jirani. Kumrudi mtu bila kumwonyesha njia ya kurudi ni mateso matupu. Kurudisha bila kwanza kupokelewa na Baba ni kazi ya mtumwa, nayo haina mwisho. Ezekieli aliahidi kwamba Mungu atauondoa moyo wa jiwe na kutia moyo wa nyama (Eze. 36:26). Moyo wa nyama hujulikana kwa kuwa huumia kwa ajili ya mwingine.

Ndugu wachungaji na wanafunzi, tutakapoketi tena kusikia ungamo la mtu, tusifanye haraka kuyafunga mazungumzo. Tutangaze msamaha kwa sauti kamili. Kisha tumwulize kwa upole: “Ni nani aliyeumia, na ni nini unachoweza kumrudishia?” Na kama jibu ni kwamba hakuna kinachorudishika, tusimwache aende peke yake. Tuondoke naye, twende tukaitazame ile bahari pamoja.